Kutoka Delft hadi Pontevedra: mitaa inayomfanya dereva apunguze mwendo

Jumatatu, Delft

Tumefika Delft kabla ya saa sita mchana, mimi na Mwalimu. Alifundisha jiografia miaka mingi kabla hajapoteza uwezo wa kuona, na sasa anatembea kwa fimbo nyeupe. Mimi ni mhandisi wa barabara. Tumegawana kazi: mimi napima kwa tepu na saa, yeye anapima kwa miguu na masikio, na jioni tunalinganisha. Tunatafuta jibu la swali moja: ni nini hasa humfanya dereva apunguze mwendo mahali ambapo hakuna askari anayemwangalia?

Delft ndiyo mahali pa kuanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakazi wa baadhi ya mitaa hapa walichoka na magari yaliyokuwa yakikatiza mbele ya milango yao. Inasimuliwa kwamba waling'oa wenyewe sehemu za barabara na kuweka vizuizi ili gari lisipate nafasi ya kunyooka. Manispaa, ambako mhandisi Joost Váhl alikuwa akifanya kazi, ililichukua wazo hilo na kulifanya kazi ya kitaalamu. Mitaa ya namna hiyo, inayojulikana kama woonerf, iliingia katika sheria ya Uholanzi mwaka 1976. Ndani yake anayekwenda kwa miguu anaruhusiwa kutumia upana wote wa mtaa, watoto wanaruhusiwa kucheza humo, gari haliruhusiwi kuzidi mwendo wa mtu anayetembea, na maegesho ni pale tu palipowekwa alama.

Mchana kutwa tumezunguka katika mitaa hiyo. Mtu asiyejua angeona matofali, miti na magari machache yaliyoegeshwa. Ukitoa tepu unaanza kuona akili iliyomo. Hakuna mahali ambapo dereva anaona mstari mrefu ulionyooka mbele yake. Maegesho yapo kulia, kisha yanahamia kushoto, kwa hiyo njia inapinda kila baada ya hatua kadhaa. Mti umepandwa hasa pale ambapo dereva angetamani kukata kona. Pa kuingilia pameinuliwa kidogo, gari linapanda kabla halijaingia, na dereva anahisi kwa mwili wake kwamba amefika katika eneo la wengine.

Mwalimu alisimama karibu na kona moja na kusikiliza. "Mwanangu, hapa gari nalisikia mapema," akasema. Matofali hupiga kelele chini ya tairi, na gari linalokwenda taratibu linampa muda wa kujua linatoka upande gani. Kilichomsumbua ni kingine: hakuna ukingo. Fimbo yake imezoea kufuata ukingo wa njia ya miguu, na hapa kila kitu kimelala usawa mmoja. Nimeliandika hilo kwa kalamu nyekundu, maana najua litarudi.

Uholanzi haikuzaliwa hivi. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,200 waliuawa na ajali za barabarani katika nchi hii, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake, aliandika makala yenye hasira, na kichwa chake, Stop de Kindermoord, kikawa jina la harakati za wazazi waliofunga mitaa na kuandamana wakitaka mauaji ya watoto yakome. Ninapowasikia watu wakisema miji hii iko salama kwa sababu ya tabia njema za watu wake, nawakumbuka wazazi wale. Mitaa hii ilidaiwa kwa jasho.

Jumanne, Houten

Treni ya dakika chache kutoka Utrecht inakushusha katikati ya Houten, na chini ya reli kuna maegesho makubwa ya baskeli. Mji huu wa watu wapatao 50,000 ulikuwa kijiji kidogo mpaka ulipopangwa upya kuanzia miaka ya 1970, kwa mchoro wa Rob Derks. Wengine wanahangaika kurekebisha miji iliyokwisha kuharibika. Derks alipata bahati ya kuchora kabla ya kujenga.

Mchoro wenyewe unaweza kuelezwa kwa sentensi chache. Kuna barabara ya mzunguko inayouzunguka mji. Kila mtaa wa makazi una njia yake ya magari ya kuingilia kutoka barabara hiyo, na kwa gari huwezi kuvuka moja kwa moja kutoka mtaa mmoja hadi wa jirani kupitia katikati. Lazima utoke hadi kwenye mzunguko, uzunguke, uingie tena. Anayetembea na anayeendesha baskeli wanakata moja kwa moja. Hakuna aliyekatazwa kuwa na gari, na magari yapo mbele ya nyumba. Ila kwa safari fupi gari ndiyo njia ndefu, na watu wanajua kuhesabu.

Tumetembea kutoka kituoni hadi ukingo wa mji kwa njia zilizojitenga kabisa na magari, na zile chache tulizochangia nayo zilikuwa za lami nyekundu, zenye bango linalosema gari ni mgeni hapo. Nilijaribu kutafuta mahali pa kumchukia dereva, sikupata. Dereva wa Houten hana sababu ya kukimbia, kwa kuwa mtaa wake hauendi popote isipokuwa nyumbani kwake.

Tukio kubwa la leo lilikuwa dogo kwa macho. Tulipokuwa tukipita kwenye mdomo wa mtaa mdogo, njia ya miguu iliendelea bila kukatika, kwa vigae vilevile na kimo kilekile. Gari linalotoka ndani lazima lipande juu ya njia ya watu na kumpisha kila mmoja. Kwangu mimi huo ni ujenzi bora kuliko wote niliowahi kupima, kwa sababu haki ya mtembeaji imejengwa kwa zege, haihitaji bango. Nilimwambia Mwalimu kwa furaha kwamba tumevuka mtaa. Akasimama.

"Tumevuka? Lini?"

Hakupendezwa hata kidogo. Alinieleza kwamba asiyeona anahitaji kujua kila mara anapoingia mahali ambapo gari linaweza kupita, hata kama sheria iko upande wake, kwa sababu sheria haimsaidii siku dereva atakapokosea. Tulibishana hadi kituoni. Yeye anataka vigae vyenye nundu mwanzo na mwisho wa kila mdomo wa mtaa. Mimi naogopa kwamba ukiweka alama hizo, dereva naye atauona mpaka na kudhani hapo ni pake. Hatujakubaliana, na nadhani wote wawili tuna hoja.

Jumatano, kwenye treni ya kwenda Paris

Kutoka Rotterdam ni safari ya kukaa. Nimeitumia kufanya hesabu ambayo Mwalimu aliniomba nimfafanulie: kwa nini kila mji tunaokwenda unang'ang'ania kilomita 30 kwa saa?

Chukua dereva wa kawaida, anayehitaji sekunde moja tangu aone hatari hadi mguu ugonge breki, kwenye lami kavu. Akiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyo inamla mita 8 na kidogo, kisha breki zinamla kama mita 5. Anasimama ndani ya mita 13 au 14. Akiwa kwenye 50, ile sekunde peke yake inamla karibu mita 14. Maana yake ni kwamba mahali pale ambapo dereva wa kwanza amekwisha kusimama kabisa, wa pili hata breki hajaigusa. Mtoto aliyetokea mbele yao kwa umbali huo, kwa wa kwanza anabaki na hofu. Kwa wa pili anagongwa kwa mwendo wote wa 50.

Mwili wa binadamu nao una kikomo chake. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2011 na taasisi ya usalama barabarani ya AAA ulikadiria kwamba mtembeaji anayegongwa na gari lililo kwenye kilomita 37 kwa saa ana uwezekano wa asilimia 10 wa kufa. Kwenye 51, asilimia 25. Kwenye 68, nusu kwa nusu. Wazee wanaumia vibaya zaidi kwa mwendo uleule.

Mwalimu alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza ni wangapi duniani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linakadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na kati yao watembeaji ni karibu 274,000. Ajali za barabarani ndizo muuaji wa kwanza wa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29. Ripoti hiyohiyo inasema asilimia 80 ya barabara zilizokaguliwa hazifikii viwango vya usalama kwa waendao kwa miguu. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira kila mara ninaposikia kampeni nyingine ya kuwaambia watembeaji wavae nguo zinazong'aa na kuangalia kulia na kushoto. Barabara imechorwa kwa ajili ya mwendo unaoua, halafu anayeuawa ndiye anayepewa somo.

Alhamisi, Paris

Tangu tarehe 30 Agosti 2021 sehemu kubwa ya mitaa ya Paris ina kikomo cha kilomita 30 kwa saa. Asubuhi tulikwenda kusimama kwenye bulevadi moja pana na kisha kwenye mtaa mwembamba wenye matuta, bango likiwa lilelile kote kuwili. Tofauti unaisikia kabla ya kuiona. Kwenye bulevadi magari yalipopata nafasi yalikimbia. Upana ulikuwa ukiwaita. Kwenye mtaa mwembamba hata aliyekuwa na haraka alitulia.

Hili si jambo la Paris peke yake. Mwaka 2009 jarida la kitabibu BMJ lilichapisha utafiti kuhusu maeneo ya London yaliyowekewa kikomo cha maili 20, yaani kilomita 32, kwa saa. Majeruhi na vifo vya barabarani vilipungua kwa karibu asilimia 42 ndani ya maeneo hayo, bila kuhamia mitaa ya jirani. Watu huinukuu namba hiyo na kusahau sehemu muhimu: maeneo yale yalikuwa na matuta na mipindo ya kujengwa, hayakuwa mabango matupu. Nimeona miji inayobadilisha mabango usiku mmoja na kutangaza ushindi. Bango ni mwanzo, nalikubali, na ni la lazima kisheria, lakini mtaa wenye umbo la mbio utazalisha mbio.

Matuta ya hapa yanastahili maelezo, maana tuta baya linachukiwa kila mahali, na kwa haki. Tuta fupi na lenye ncha linaumiza migongo na kuvunja magari, na dereva hulifidia kwa kukimbia baada yake. Tuta zuri lina urefu wa karibu mita 4 na kimo kisichozidi sentimita 10, linapanda taratibu, na linarudiwa kabla dereva hajapata nafasi ya kukanyaga mafuta. Kuna aina nyingine tuliyoiona hapa, tuta lisiloziba njia nzima: tuta dogo mfano wa mto wa kulalia, lililo katikati ya njia, lenye upana usiozidi mita 2. Gari dogo linalazimika kupanda kwa tairi za upande mmoja au zote, ilhali basi na gari la wagonjwa, ambayo tairi zake zimeachana zaidi, yanapita tuta likibaki katikati ya tairi zao. Yeyote anayesema matuta yanawaua wagonjwa aonyeshwe hili kwanza.

Saa kumi na nusu tulikuwa mbele ya shule ya msingi. Mtaa umefungwa kwa magari kwa geti na vyungu vikubwa vya miti, na wazazi wamesimama katikati ya kilichokuwa barabara. Mitaa ya shule ya namna hiyo sasa inazidi 200 jijini. Machi 2025 wakazi waliulizwa kwa kura kama mitaa mingine 500 ifungiwe magari na kupandwa miti. Asilimia 66 walikubali, ila waliojitokeza kupiga kura walikuwa karibu asilimia 4 tu. Nalipenda wazo hilo kwa moyo wote, na ndiyo sababu asilimia 4 inanitia wasiwasi. Mtaa wa watu unahitaji vikao mlango kwa mlango, ama sivyo meya ajaye ataung'oa.

Kitu kingine nilichokitafuta ni utupu kabla ya vivuko. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2019 inataka maegesho ya magari yaondolewe ndani ya mita 5 kabla ya kivuko, na miji ina hadi mwisho wa 2026 kukamilisha. Sababu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kuwa mtoto: gari lililoegeshwa kando ya kivuko cha pundamilia linamficha mtu mfupi mpaka anapokuwa tayari njiani. Hoboken, mji mdogo wa New Jersey nchini Marekani, uliondoa magari kwenye kona zake kwa bidii, pamoja na hatua nyingine, na tangu mwaka 2017 ukakaa zaidi ya miaka saba bila kifo cha barabarani. Sehemu nyingi leo zilikuwa na maegesho ya baskeli mahali gari lilipoondolewa. Baskeli hazizibi macho, na dereva hawezi kurudi kujibanza hapo.

Jioni Mwalimu alifundishwa na mama mmoja aliyetembea kwa fimbo kama yake. Mama huyo alitoa kifaa kidogo mkononi, akabonyeza, na taa ya kuvukia ikaanza kusema kwa sauti kwamba watembeaji wasubiri. Iliporuhusu ikapiga mlio wa muziki. Miguuni, kama nusu mita kabla ya ukingo, kulikuwa na ukanda wa nundu. Vigae vya aina hiyo vilibuniwa na Seiichi Miyake wa Japani mwaka 1965 na kuwekwa kwa mara ya kwanza Okayama mwaka 1967. Mwalimu alisimama juu yake akizunguka polepole kwa visigino.

Ijumaa, njiani kwenda Barcelona

Siku nzima kwenye treni. Tumelinganisha daftari. Mwalimu amelala kabla ya mpaka wa Hispania.

Jumamosi, Barcelona

Ildefons Cerdà aliuchora mji mpya wa Barcelona mwaka 1859: mitaa iliyonyooka, majengo katika miraba ya upande wa mita 113, na kila pembe imekatwa. Kona hizo zilizokatwa zinapendeza kwenye picha ya angani. Kwa mtembeaji ni adhabu. Magari yaliyachukua makutano, na kivuko kikasogezwa ndani ya mtaa wa pembeni, hivyo anayetembea moja kwa moja inabidi kila kona akate kushoto, avuke, kisha arudi kwenye mstari wake. Nilimhesabia Mwalimu hatua alizoongeza katika miraba kadhaa tu, akasema sasa anaelewa kwa nini amechoka.

Jibu la mji ni superilla. Unachukua miraba tisa, mitatu kwa mitatu. Magari ya kupita yanabaki kwenye barabara za nje. Mitaa ya ndani inageuzwa ili gari linaloingia lilazimike kukata kona na kutoka lilikotokea, bila kuvuka kwenda upande wa pili. Mkazi anafika nyumbani, lori la taka linafika, gari la zimamoto linafika. Anayetafuta njia ya mkato anakuta hakuna mkato. Ni Houten ileile, imeshonwa juu ya nguo kuukuu.

Katika eneo la Poblenou walianza mwaka 2016 kwa rangi, vyungu na vitu vya kuhamishika, na baadhi ya wakazi waliandamana kupinga. Leo njia panda zilizokuwa za magari zina miti, meza na michezo ya watoto. Nimekaa pale saa nzima. Faida ya kuanza kwa rangi ni kwamba kosa linafutika kwa brashi, na watu wanabishana juu ya kitu wanachokiona. Hasara yake ni kwamba kwa miezi ya mwanzo mtaa unaonekana kama kazi iliyoachwa njiani, na wapinzani wanapata picha zao. Ningewashauri wanaopanga waweke vivuli na viti siku ileile wanapoweka vizuizi. Ukimwondolea mtu maegesho leo na kumwahidi kiti mwaka kesho, umemnyang'anya tu.

Consell de Cent, mtaa mrefu uliogeuzwa kuwa njia ya kijani na kukamilika mwaka 2023, ulimfurahisha Mwalimu kwa masikio: ndege, mazungumzo, magurudumu ya kiti cha mtoto. Lakini lile la kalamu nyekundu likarudi. Mtaa wote uko usawa mmoja. Hispania ina utaratibu mzuri kwenye vivuko vya kawaida: kutoka ukuta wa jengo hadi kivukoni kuna mstari wa vigae vyenye michirizi, na ukingoni vigae vya nundu, hivyo fimbo ikiugusa mstari inajua kivuko kiko wapi. Katika mitaa iliyolazwa usawa mmoja, kanuni hizo zinalegea kwa urahisi mno. Uingereza mwaka 2018 serikali iliziomba halmashauri zisitishe miradi mipya ya mitaa isiyo na ukingo, baada ya malalamiko ya wasioona. Mwalimu anasema hahitaji ukingo mrefu. Sentimita chache zinamtosha, au mfereji wa maji uliochongwa ili fimbo iusikie. Nimechora mfereji huo kwenye daftari kwa vipimo alivyonipa.

Nilipima pia taa kwenye barabara kubwa za nje. Miongozo mingi duniani hukadiria kwamba mtembeaji anakwenda mita 1.2 kwa sekunde. Kwa barabara ya mita 12, hizo ni sekunde 10. Mwalimu, akiwa hana haraka, anakwenda mita 0.8, kwa hiyo anahitaji 15. Sekunde hizo 5 ni muda ambao mzee anabaki katikati ya njia magari yakiwa yameruhusiwa. Wanaoishi na hali hiyo ni wengi, na suluhisho liko ndani ya kisanduku cha taa. Ipo pia miji inayowapa watembeaji sekunde tatu hadi saba za kutangulia kabla magari yanayokata kona hayajaruhusiwa. Wakati gari linapoanza, mtu ameshafika katikati na anaonekana. Na barabara ikiwa pana mno, jenga kisiwa katikati, avuke nusu kwa nusu.

Jumapili, njiani kwenda Galicia

Treni inapanda milimani. Mwalimu ameuliza swali ambalo nilijua litakuja: je, haya ni ya miji yenye fedha tu? Nimemtajia kazi ya shirika la Amend, ambalo mradi wake wa kuboresha maeneo ya shule, SARSAI, ulifanyika katika miji kadhaa ya Afrika, Dar es Salaam ikiwemo, na mwaka 2019 ukashinda tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha utafiti wa miji. Walichofanya ni njia za miguu, matuta, vivuko, vigingi, na pengine kulihamisha geti la shule kutoka barabara kuu kwenda mtaa wa nyuma. Geti limehamishwa, mamia ya watoto hawavuki tena. Sijui kazi ya kihandisi yenye heshima kubwa kuliko hiyo.

Jumatatu, Pontevedra

Mji huu wa Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, una watu wapatao 83,000. Miguel Anxo Fernández Lores, daktari, alichaguliwa kuwa meya mwaka 1999, na kazi ikaanza kwa kuuondolea mji mkongwe magari. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: nafasi ya mtaa ni ya wote, na kumiliki gari hakumpi mtu haki ya kuishika. Wapangaji walitenganisha magari yanayohitajika na yanayopita tu. Mkazi anaingia kwenye gereji yake, muuzaji anashusha mizigo, mgonjwa anafikishwa mlangoni. Aliyekuwa akizunguka kutafuta pa kuegesha ndiye aliyeondolewa, kwa kuondoa maegesho ya katikati na kuyaweka pembeni ya mji.

Mwaka 2010 kikomo cha kilomita 30 kikawekwa mji mzima, lakini bango tumeliona kwa nadra. Kila kivuko tulichopita nje ya mji mkongwe kimeinuliwa hadi kimo cha njia ya miguu. Mwalimu hakushuka wala kupanda; gari ndilo lililopanda. Magari yalipunguza mwendo kabla hatujanyanyua fimbo. Makutano ya katikati hayana taa, na hayazihitaji, kwa kuwa hakuna anayefika pale akiwa kwenye mwendo wa kugombana.

Takwimu zilizotolewa mwaka 2018 zilionyesha kwamba katika mitaa ambayo watu 30 walikufa kwa ajali kati ya 1996 na 2006, waliokufa katika miaka 10 iliyofuata walikuwa watatu, na tangu 2009 hakuna. Nilimsomea Mwalimu mara mbili. Tukataka kuelewa ni kitu gani kilifanya kazi, na kila tulipofikiri tumekipata, tulikuta kimeshikana na kingine. Kuinua vivuko kusingetosha kama magari yangebaki mengi. Kupunguza magari kusingetosha kama waliobaki wangekimbia. Na yote hayo yasingedumu kama meya angekaa miaka minne tu na mrithi wake akarudisha maegesho.

Manispaa ina ramani iitwayo Metrominuto, iliyochorwa kwa mtindo wa ramani za treni za chini ya ardhi, ila mistari yake ni njia za kutembea na namba zake ni dakika. Unaitazama na kugundua kwamba karibu kila unachokihitaji kiko ndani ya robo saa. Miji mingine imeiiga, na si ajabu. Watu wengi huchukua gari kwa safari ambayo hawajawahi kuipima kwa miguu.

Wauza maduka walipinga mwanzoni, kama wanavyopinga kila mahali, na hofu yao ni ya kweli kwa mtu ambaye mtaji wake wote uko nyuma ya dirisha moja. Pontevedra iliwajibu kwa uamuzi ambao wapangaji wengi hawauthubutu: ilikataa kuruhusu maduka makubwa ya pembezoni. Ukifunga mtaa kwa magari na wakati huohuo ukajenga soko kubwa lenye maegesho elfu nje ya mji, umeuua mtaa huo kwa mikono yako.

Jumanne, Pontevedra bado

Asubuhi ilinyesha. Mwalimu aliniomba turudie katikati ya mji wakati wa mvua, kwa sababu mawe ya granite yaliyolowa huteleza na fimbo husikika tofauti. Ni kweli. Sehemu mbili tulizopita zilihitaji kukwaruzwa ili ziwe na mshiko, na uwanja mmoja mpana hauna mstari wowote wa kumwongoza asiyeona kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tumeandika yote mawili katika barua tutakayoipeleka manispaa, pamoja na mchoro wa ule mfereji.

Kisha tumekaa kuandika mapendekezo yetu wenyewe, na ugomvi wetu wa Houten ukaanza upya. Mimi nilitaka tuanze na kona: kuzibana ili gari likate taratibu, na kuondoa maegesho mita 5 kabla ya kila kivuko. Mwalimu anataka tuanze na sekunde za taa na vigae vya nundu. "Kona zako zitasubiri saruji," akaniambia. "Sekunde zinasubiri fundi mmoja mwenye ufunguo wa kisanduku." Nimekubali. Ukurasa wa kwanza ni wa taa, kwa mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde. Kona ni ukurasa wa pili. Kuhusu njia ya miguu isiyokatika tumeandika maoni yote mawili, lake na langu, na kuomba ijengwe moja yenye nundu na moja isiyo nazo, kisha madereva na wasioona wahesabiwe kwenye zote mbili.